Springi ya Levi

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kutengeneza redio, Kitale, chini kidogo ya stesheni ya zamani ya reli. Nasema duka la redio kwa mazoea tu. Redio zenyewe zimekwisha, watu wanasikiliza habari kwa simu, na kilichonibakia ni bisibisi ndogo ndogo ambazo hakuna mwingine mtaani anazo. Kwa hivyo kila kilichokataa kufunguka huletwa kwangu: saa, miwani, na wakati mmoja meno ya bandia ya chifu mstaafu. Wenye benchi ni watatu mbali na mimi. Kuna Afande, jina lake Kiptanui, aliyelinda msitu wa Mlima Elgon mpaka akastaafu, na bado anatembea akiwa ameinamisha bega moja ambako bunduki ilikuwa ikining'inia. Kuna Tumbaku, yaani Mzee Mukhisa wa Malakisi, aliyelima tumbaku enzi tumbaku ilipokuwa tumbaku, na ambaye hana habari hata moja isiyoanza na "zamani". Halafu kuna Data, muuza laini za simu kutoka Kipsongo, ambaye tunamwita kijana ingawa ana watoto na kipara kimeanza kumchungulia. Kahawa ni ya Phelista. Ana themosi kubwa na ulimi mkubwa zaidi, na anayetaka kahawa bila maneno aende hotelini.

Alasiri moja mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka mlimani tulipomwona Linah akija, amebeba kitu kirefu alichokifunga kwa leso.

Tumbaku: Kalibu, mama, kalibu. Rakini hiyo umefunga ni nini? Miwa?

Linah: Si miwa, mzee. Ni ya Levi.

Akaifungua leso pale pale kwenye benchi. Mtu wa bodaboda aliyekuwa amesimama kununua mandazi aliona mtutu mweusi, akaona triga, akapiga pikipiki yake teke moja na kutoweka, mandazi akayaacha juu ya gazeti.

Afande: Msiogope! Hii ni ya rangi. Mimi nimeshika za ukweli.

Phelista: Kwa hivyo wewe ukishika, sisi tutulie? Mwite yule mtu, ameacha mandazi.

Levi, kwa asiyemjua, alikuwa wa benchi hili. Mtu wa Bungoma, alimwoa Linah wa Saboti, akahamia huko. Katika msitu mdogo wa mikaratusi wa baba mkwe akatengeneza kiwanja cha mchezo wa kupigana kwa rangi: mnajigawa pande mbili, mnajificha nyuma ya mapipa na magurudumu ya trekta, mnapigana kwa vidonge vya rangi, aliyepakwa anatoka. Tulimcheka mpaka tukachoka. Mtu mzima aache shamba, afungue mahali pa watu kurushiana rangi! Kisha tukaenda kuona, siku moja tu, na baada ya hapo ikawa kila Jumamosi. Kitale upande huu, Bungoma upande ule. Watu wanakuja na chakula, akina mama wanakaa kando wakishangilia, na kabla ya mchezo kuanza Levi anasimama getini, anakoki bunduki yake, anapiga kidonge kimoja kwenye bati kuukuu lililotundikwa mtini. Mlio huo ndio uliokuwa firimbi yetu. Mwaka juzi, wakati wa mvua, alishikwa na homa ya mapafu, akapelekwa hospitali akitutania kwamba anaenda kupumzishwa na kelele zetu. Hakurudi. Kiwanja kikafungwa, nasi Jumamosi zetu zikabaki Jumamosi tu.

Linah: Jumamosi hii nafungua tena.

Data: Wee! Kiwanja?

Linah: Kiwanja. Bungoma wamesema wanakuja. Bunduki zingine zote ziko sawa. Ni hii yake tu. Nilijaribu kukoki jana, ikasema kruk.

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na springi iliyokatika vipande viwili, imeshika kutu pale ilipovunjika. Kisha akatoa pakiti ya plastiki yenye springi mpya tatu.

Linah: Nimeagiza Nairobi. Wamenitumia tatu, ati nichague. Hakuna maelezo, ni picha tu ya mzungu amevaa miwani. Fundi, mimi sitaki mambo mengi. Nataka ilie vile ilikuwa inalia. Watu wa Bungoma wakisikia pale getini wajue tumerudi. Ikilia vingine, ni afadhali nisifungue.

Hilo la mwisho alilisema taratibu, na nikajua si utani.

Nikaleta bisibisi. Kwa ndani bunduki ya rangi ni kitu cha wazi kabisa, inashinda redio kwa uaminifu. Kuna bolti, kipande cha chuma kizito, na nyuma yake springi. Ukikoki, bolti inarudi nyuma, inaikandamiza springi, na triga inainasa hapo. Ukivuta triga, springi inaitupa bolti mbele, inagonga valvu, gesi inatoka kwa kishindo na kukirusha kidonge. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayoirudisha bolti nyuma inaswe tena. Kwa hivyo springi ndiyo moyo. Ikiwa ngumu mno, kidonge kinatoka na hasira, kinapasukia mtutuni au kinamchubua mtoto wa mwenyewe. Ikiwa laini mno, bolti inagonga kivivu, gesi inatoka kidogo, na bolti haina nguvu ya kurudi nyumbani.

Springi tatu nikazipanga juu ya gazeti: moja ya waya mnene, moja ya waya mwembamba, moja ya katikati.

Afande: Kabla hujaenda mbali. Wewe unajua hiyo iliyovunjika ilitoka wapi?

Mimi: Tuambie.

Afande: Ni ya tochi yangu. Tochi ya doria, ile ya mawe manne ya betri. Levi alikuja akaniambia, Afande, hii springi imetembea msitu mzima, haiwezi kushindwa na rangi. Nikampatia. Kwa hivyo mchague ile ngumu. Chuma ya serikali haikuwanga laini.

Tumbaku: Tochi gani, bana? Hiyo ni ya pampu yangu ya dawa! Zamani Malakisi, ukipiga tumbaku dawa na pampu ile, majani inasimama mstari kama watoto wa shule. Kampuni ilipopunguza kununua, pampu ikalala. Levi akaniambia, mzee, usiache nguvu ya pampu yako ipotee. Akaitoa na mkono wake mwenyewe.

Data: Wazee, mnajidanganya mchana. Hiyo ni ya mwavuli yangu. Ule mkubwa wa kazi. Mwavuli iko na springi ndani ya mti wake, ndefu hivi. Si mnaona mpaka leo mwavuli yangu inaanguka? Ni juu ya Levi. Niliitoa nikijua.

Nami, kusema kweli, nilikuwa nikiwahurumia wote, kwa sababu nilijua springi ile ilitoka kwenye redio yangu ya kaseti, ile kubwa iliyokuwa ikikaa dirishani. Levi aliniambia kwa mdomo wake. Nikawaambia. Benchi likalipuka.

Afande: Redio iko na springi ya kupiga mtu?

Tumbaku: Mwavuri! Ati mwavuri! Hata mvua inaushinda!

Ndipo tukamsikia Linah akicheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi.

Linah: Mimi aliniambia ni ya cherehani ya mama yangu.

Tukatazamana. Yule mtu alikuwa amezunguka akimwambia kila mmoja wetu kwamba springi ile ile ni yake, kila mmoja akaenda na sifa hiyo nyumbani akiwa amevimba kichwa. Ilikuwa ya nani kwa kweli, hatutajua. Tumbaku aliokota kipande kimoja, akakifuta kutu kwa kidole gumba, akakirudisha pale pale kwa upole.

Tumbaku: Muongo mzuri, yule.

Phelista: Mimi hakuniambia chochote. Alikuwa anakunywa kahawa tu, na anasifu mandazi hata ikiungua.

Afande: Sawa, tuachane na kutoka wapi. Kuna kitu kimoja. Sauti. Sauti sisi wote tunaijua. Ilikuwa hivi: PAA!

Data: Hapana, Afande. Hiyo ni yako ya msituni. Yake ilikuwa: pok... tiii. Pok ni bunduki, tiii ni bati.

Tumbaku: Nyinyi mko na maskio ya mbao. Ilikuwa tuf! Tuf, halafu watu wanapiga makofi. Hiyo tiii yako ni makofi.

Data: Makofi ndio inasema tiii?

Afande: Linah, waonyeshe. Wewe ndio ulikuwa nayo kwa nyumba.

Linah akafungua mdomo. Akatafuta. Tukangoja. Akaufunga tena mdomo, na uso wake ukabadilika kabisa. Nilimwona akiogopa. Ilikuwa sauti aliyoisikia kila Jumamosi kwa miaka, na sasa aliitafuta kichwani akaikosa.

Linah: Nikiisikia nitaijua. Zijaribu, fundi. Zote.

Nyuma ya duka langu kuna ukuta wa mabati unaotutenga na mwenye mbao. Nilimwomba ruhusa, akasema mpake tu, hayo mabati yamechoka kuwa kijivu. Linah alikuwa amebeba vidonge vichache mkobani, vyekundu, na mtungi mdogo wa gesi. Tukaingia wote kwenye kile kichochoro, Phelista naye na themosi yake, maana alisema hatumwachi nje kama mlinzi.

Tukaanza na ile ngumu, kwa heshima ya Afande. Kuikoki peke yake ilikuwa kazi. Afande aliivuta, akakunja uso, akaweka kitako cha bunduki kifuani, akavuta kwa mikono yote miwili huku akituambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ikanaswa. Akapiga. Mabati yalilia mpaka mwenye mbao akaangusha msumeno, mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka, na kidonge hakikuacha alama ya duara bali michirizi, kwa sababu nusu yake ilikuwa imepasukia mtutuni.

Afande: Hiyo! Umesikia? Hiyo ndiyo Levi!

Linah: Hapana, Afande.

Data: Hiyo ikimpata mtu wa Bungoma, hatarudi kucheza. Atarudi na wakili.

Afande aliishusha bunduki. Aliposema tena hakuwa anabishana na mtu.

Afande: Mnajua ni kwa nini nilipenda pale kwake? Huu mlima wetu, kuna miaka watu walilala msituni wakisikiza bunduki. Mimi nilikuwa huko. Ukisikia PAA, unahesabu watoto. Halafu anakuja huyu mtu wa Bungoma na rangi yake. Siku ya kwanza nimejificha nyuma ya pipa, nasikia mlio, roho inaruka kama zamani. Nikapigwa hapa kwa matako. Nikageuka, ni mama mmoja wa kanisa letu, ananicheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Levi alitufundisha kukimbia bunduki tukicheka. Mimi hiyo siwezi kusahau.

Phelista alimjazia kikombe bila kuulizwa, jambo ambalo halifanyi kwa yeyote.

Ya pili ilikuwa laini, ya Tumbaku.

Tumbaku: Haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana springi raini inafika mbali. Mnyonge anapewa njia na kila mtu.

Niliifunga, nikampa apige mwenyewe. Alikoki kwa vidole viwili, akatutazama kwa majivuno. Akavuta triga. Bunduki ikafanya prrrrr, bolti ikacheza mle ndani mbele nyuma mbele nyuma bila kunaswa, na kidonge kikatoka mtutuni taratibu kama mbegu ya chungwa, kikaangukia kiatu chake.

Phelista: Kweli imefika mbali. Imefika kwa kiatu.

Tumbaku: Ni gesi! Gesi ya siku hizi haina nguvu! Zamani hata mkebe wa dawa ya mbu ungekusukuma kitandani!

Hata Linah alicheka tena. Nikaweka ya katikati. Data akasema hiyo ndiyo ilikuwa yake tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyemsikia akisema. Aliikoki vizuri, akasimama kiubavu vile Levi alivyokuwa akisimama, mguu mmoja mbele, maana aliwahi kuwa mwamuzi kiwanjani na alijua. Akapiga. Kidonge kikafika, kikaacha duara jekundu safi katikati ya mabati, na bolti ikarudi ikanaswa.

Nilipenda ule mlio. Nilimtazama Linah. Alikuwa amefumba macho.

Linah: Iko karibu. Lakini si yake.

Data: Ni yake, madam! Naapa!

Linah: Si yake, Data. Ya Levi ilikuwa... hii ni nyembamba. Ama ni nzito. Sijui. Si yake.

Tukarudi kwenye benchi, na hapo ndipo akili zetu zilipotuacha. Afande aliniamuru niitoe ile ya katikati, nikaitoa, zote tatu zikalala tena juu ya gazeti.

Afande: Ni rahisi. Weka mbili kwa mara moja. Nyembamba ndani ya nene. Mume na mke. Kidole kimoja...

Phelista: Hiyo ya chawa umeshasema.

Data: Wazee, shida si springi. Saboti iko juu kuliko hapa. Huko hewa ni nyepesi, sauti inatembea bure. Hapa Kitale sauti inasukumana na moshi wa malori. Levi alikuwa anapiga kule, sisi tunapima hapa. Hata simu huko network ni tofauti.

Tumbaku: Nyinyi hamjui chuma. Chuma ya zamani ilikuwa na damu. Ya sasa ni sufuria imeyeyushwa. Ikiwa mnataka hiyo mpya ikuwe kama ya Levi, mnipatie. Nitaenda nayo Malakisi, niitundike kwa ile banda yangu ya kukaushia tumbaku, niiwekee moshi pole pole. Itatoka na adabu. Samaki mkunje angali mbichi, springi ikaushe ingali mpya.

Mimi: Chuma kitakauka nini, mzee? Kina maji?

Tumbaku: Wewe kaa na redio zako.

Phelista: Na hilo bati la kule getini? Si limenyeshewa tangu mwaka juzi? Bati likila kutu si litabadilisha mlio?

Afande: Mama, hii ni mambo ya bunduki.

Lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, na tulilipita vile unavyolipita jiwe barabarani. Phelista akasonya, akaifunga themosi yake kwa nguvu.

Wakati huo alikuwa amekuja mwanamke mgeni, amesimama kando na redio mkononi. Redio, jamani! Redio ya kweli, yenye antena na kamba ya kuning'iniza. Siku nyingine ningemkumbatia. Alisema anaitwa Nyambu, mwalimu aliyehamishiwa shule moja hapa kutoka Voi, na redio yake imenyamaza njiani. Nikampa nafasi akae, nikamwomba asubiri kidogo, tuko katika jambo zito. Akakaa, akanunua kahawa, akatusikiliza.

Data: Kuna kitu kingine. Levi alikuwanga na kifua. Mnakumbuka? Akicheka, vikombe vya Phelista vinagongana. Mimi nafikiri bunduki ilikuwa inalia kupitia kwake. Anaweka kitako hapa kwa kifua, springi inagonga, kifua kinajibu. Kama gitaa na sanduku lake.

Afande: Hapo umesema.

Tumbaku: Hapo hata mimi nakubari. Ilikuwa ni kifua!

Tukaafikiana kwa mara ya kwanza tangu saa ya chakula. Nami nikajikuta naitikia kwa kichwa, mtu mzima niliyesomea umeme, nikiamini kwamba springi yoyote ingefaa mradi kifua kingepatikana. Linah alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine kwa macho ya mtu anayengoja hukumu.

Nyambu: Samahani jamani. Mimi ni mgeni, sijui mambo haya. Hiyo bunduki Jumamosi itapigwa na nani? Si mumwulize huyo anayeipiga, achague ile inayomfaa mkono?

Aliuliza kwa upole tu, kikombe kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

Data alimtazama Afande. Afande alimtazama Tumbaku. Tumbaku aliinamia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Mimi nilishika bisibisi nikaanza kuifuta, haikuwa chafu. Tulikuwa tumepima waya, tumepima hewa, tumepima chuma cha zamani na cha sasa, tumefika mpaka kifua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza ni nani atakayesimama getini.

Linah: Mimi nilikuwa nafikiria ni Levi.

Alilisema kwa mshangao, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekujibu ni nani amebaki nyumbani. Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Akacheka kidogo. Halafu akaanza kulia, hapo hapo kwenye benchi, hakujificha kwa leso wala kugeuka. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimemwona Levi pale getini, nimemwona wazi, na shati lake la mistari, tangu pakiti ile ilipofunguliwa. Tumbaku alivua kofia. Phelista ndiye aliyesogea, akamweka Linah kichwa begani, akamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani usio na maneno mengi.

Nyambu: Nisameheni. Sikujua.

Linah: Hapana, mwalimu. Hata sisi hatukujua.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga paa. Linah alipangusa uso kwa kiganja. Akatazama springi zilizokuwa juu ya gazeti, akazigusa moja moja, akizibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ngumu akaiacha. Laini akaiacha.

Linah: Fundi, rudisha hii ya katikati.

Nikairudisha, nikafunga skrubu zote. Akaichukua bunduki, tukamfuata tena kichochoroni, mwalimu naye safari hii. Alisimama mbele ya mabati, akashika kishikio cha kukoki, akavuta. Ilifika nusu, ikamponyoka. Afande akanyoosha mkono kumsaidia, Phelista akaupiga mkono ule kofi.

Phelista: Mwache.

Akavuta tena, amejing'ata mdomo, mguu ameukanyagia ukuta wa duka nyuma yake. Bolti ikarudi nyuma, ikanaswa. Akainua bunduki. Kitako hakikukaa kifuani, alikiweka begani, chini kidogo, pale palipomfaa. Akapiga.

Duara jekundu la pili likatokea karibu na lile la Data. Na mlio ulikuwa ule ule alioukataa muda mfupi uliopita, hakuna tofauti, hata mwenye mbao angeapa. Haukuwa wa Levi. Tulijua sote, na hata Afande hakubisha.

Linah alibaki akiusikiliza mpaka ukaisha.

Linah: Jumamosi mje mapema.

Tukamwambia tutakuja.